Maiti Mwenye Masikio

Mimi nina hasira za karibu. Daktari wa hapa Nachingwea alinipima presha, akaniambia nitulie, ila hakusema nitatuliaje na mama mkwe yumo ndani. Mama huyo alitoka Nanganga, kule Ruangwa, kuja kukaa nasi, na tangu afike hakuna mboga yangu iliyoiva vizuri wala ua wangu uliofagiwa ukatakata. Mume wangu alichoka kuamua kesi. Akasema korosho zikishauzwa na sisi hatujapatana, atamrudisha mama yake Nanganga akaishi peke yake. Moyoni nilishaanza kumfungia mizigo.

Wakati nikisubiri, nikajifunza yoga kwenye simu. Mwalimu, dada mwenye sauti ya kubembeleza, alisema pozi kubwa kuliko yote ni la maiti. Unalala chali, unafumba macho, unasikiliza pumzi yako, na lolote likija unaliacha lipite. Nikaona hilo naliweza. Siku mama mkwe alipokwenda sokoni, nikatandika mkeka uani, kwenye kivuli cha banda la jiko.

Aliyekuja kupita ni mtani wangu. Mimi Mmwera, yeye Mngoni, na kwetu mtani ana ruhusa ya kufanya vituko msibani hata wafiwa wakitamani kumpiga. Kuniona nimenyooka vile, hakuuliza. Akanifunika khanga hadi usoni, akajishika kichwa, akaangua kilio.

"Jamani, mtani wangu! Mchoyo wa chumvi, mwenye mdomo mkali kuliko pilipili! Nani atatutukana sasa?"

Nikavuta pumzi, nikaliacha lipite. Nilijisifu kwelikweli, maana siku nyingine ningemrushia mwiko.

Mara nikasikia kikapu kikianguka. Mama mkwe amerudi, naye hakujua kama ni utani. Akapiga magoti, akanishika miguu.

"Mwanangu, amka. Amka tugombane. Kule Nanganga nilikuwa nashinda kutwa bila kusemeshwa na mtu."

Nilipaswa kuamka, najua. Lakini mwanamke huyu hakuwahi kunisifu hata siku moja, nami nikataka kusikia kama ataendelea. Akaendelea. Kumbe mboga zangu tamu, anazisema tu ili apate pa kuanzia mazungumzo. Roho iliniuma, machozi yakanitoka chini ya khanga, kisha nikavuta kamasi. Maiti gani anavuta kamasi?

Khanga ikafunuliwa. Tulipigwa kandambili, mimi na mtani wangu, tukakimbizwa hadi barabarani, vijana wa bodaboda wakishangilia.

Jioni mume wangu akatukuta jikoni, mimi na mama yake tukibishana kama kisamvu kimeiva au bado. Akaniita pembeni, akaninong'oneza kwamba korosho zimeuzwa na amepata gari la kwenda Nanganga asubuhi.

"Kapande wewe," nikamwambia.