Karatasi ya Gari Yangu ya Amerika

Mimi ni mutu wa darasa la pili. Biblia ya Kiswahili naisoma vizuri, Kifaransa hapana. Hayo yalitosha kunijengea nyumba ya matofali hapa Butembo, na sikuomba mutu musaada.

Gari yangu ilitoka Amerika: nyeusi, ndefu, vyuma vya mbele viking'aa kama sahani mpya, siti za ngozi nyekundu ambazo hakuna mutoto aliyezikanyaga na viatu. Inakunywa esansi kama askari aliyepata mushahara, kwa hiyo niliitoa Jumapili tu, na siku za harusi za binti zangu. Niliinunua kwa mzungu mwenye shamba upande wa Lubero, alipokuwa anafunga masanduku kurudi kwao. Nilimupa magunia ya kahawa yangu mwenyewe. Akaandika karatasi kwa Kifaransa, akagonga muhuri, akanipa mukono. Karatasi niliifunga ndani ya nailoni. Kwenye barieri askari waliigeuza juu chini, wakaona muhuri, wakanipigia saluti.

Mwaka jana binti yangu wa mwisho alikimbia kutoka upande wa Beni na batoto watatu. Wauaji walikuwa wamemukata bwana yake mchana, katikati ya shamba lao la kakao. Nyumba yangu ilishajaa wakimbizi wengine wa ukoo, basi wakalala jikoni, wanne kwenye mukeka mumoja.

"Papa, nisiporudi kuvuna, hawa watakula nini?"

"Harudi mutu kule," nikamwambia. "Nauza gari, nakununulia kiwanja na kibanda cha kuuzia maharagwe hapa."

Akaja mwenye hoteli, alitaka gari ya kubeba maharusi. Alikuja na mufanyakazi mumoja wa serikali, mutu wa mukoa mwingine, tai shingoni, wa kumusomea karatasi.

"Papa, hii ni bibi-harusi!" akasema mwenye hoteli, akiizunguka gari. "Hata mimi ningeioa."

"Ulishaoa wawili, inatosha."

Tukacheka. Yule wa tai hakucheka, alikuwa anasoma.

"Mzee, huyu zamu ni nani?"

"Zamu gani?"

"Imeandikwa: gari hii ni yangu, naiacha kwa zamu wangu anichungie mupaka nitakaporudi. Na jina la zamu ndilo hili." Akaweka kidole juu ya jina langu.

Miaka yote ile nilikuwa naonyesha watu, kwa mukono wangu mwenyewe, kwamba mimi ni zamu, mulinzi wa mulango wa mzungu.

Mwenye hoteli si mutu mubaya. "Papa, si neno. Huyo harudi tena. Twende bureau ya serikali, useme ulikuwa zamu wake, alikuachia, hakurudi. Unatia sahihi, wanabadilisha jina, nakulipa leo."

"Nilinunua!"

"Najua, Papa. Lakini karatasi haijui."

"Mimi si zamu wa mutu. Tokeni kwangu."

Binti yangu alisimama mulangoni, mutoto mugongoni. "Papa, tia tu sahihi." Sikumutazama.

Ningeweza kusema mzungu ndiye aliyeniharibia. Kahawa yangu aliiiba, ni kweli. Lakini siku ile ya mwenye hoteli, mzungu hakuwepo.

Wiki tatu nikatafuta wanunuzi wengine. Kila mumoja alitaka karatasi, kila aliyeisoma alisema zamu. Wiki ya nne nikavaa koti, nikaenda hotelini.

"Lete nitie sahihi. Andika zamu, andika mbwa, andika unachotaka."

Akanionyesha dirishani gari nyeupe iliyotoka Uganda, imeshafungwa riboni. "Ulikawia, Papa. Maharusi hawangoji."

Niliporudi, mukeka wa jikoni ulikuwa umekunjwa. Muke wangu akaniambia kwamba binti amepanda lori la Beni na batoto, maana kakao imeiva na jikoni hakuna unga. Sikumuuliza kwa nini hakumuzuia. Angemuzuia na nini?

Juzi alinipigia simu. Mchana wanavuna. Jioni wanarudi mujini Beni kulala chini, ndani ya kanisa, na asubuhi wanaingia tena shambani, batoto nao, maana hana wa kumuachia.

"Papa, gari uliuza?"

"Hapana. Iko nzima."

Nikasikia mutoto anakohoa.

"Ni vizuri, Papa," akasema, kisha inite za simu yake zikaisha.