Nilinunua mziki wa maana, sasa nausikilizia barazani

Wakuu, salamu kwenu nyote, wenye spika na mnaotumbukiza simu kwenye glasi mkaita hiyo besi.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Nayaandika nikiwa nje barazani, nimefukuzwa sebuleni na mziki nilionunua kwa jasho langu. Anayedhani naongeza chumvi aje Mji wa Kale aniulize mbele ya mama yangu.

Kwanza mjue nyumba yenyewe. Ni nyumba ya mawe ya zamani, kuta nene, dari iko juu, boriti nje nje. Mbele ni uchochoro. Ukipiga chafya kwetu, jirani wa pili anakuombea rehema.

Mimi nafanya kazi Mbaraki, kwenye magudauni. Siku zote nilikuwa na hamu moja tu: mziki wa maana nyumbani. Si zile spika za bluetooth za kuweka juu ya friji. Nilitaka amplifaya yake, spika zake mbili, kila kitu na kazi yake. Nikasoma nyuzi za wajuzi mpaka macho yakaniuma. Wengine humu mnagombania waya kama urithi, mnajijua.

Shida ni kwamba sebule ni ya mama. Baba anaishi humo, sawa, lakini sebule ni ya mama.

Nikamwendea kwa adabu zangu zote. Akanisikiliza, kisha akasema: "Yaweke hayo madude yako. Lakini nina kaseti yangu. Nikisikia Zuhura yuwasema nini pale mwisho, yatakaa. Nisiposikia, utayabeba uyapeleke huko kazini kwako."

Niwaeleze hapo. Zuhura ni mdogo wake mama, Mungu amrehemu. Kaseti ni ya harusi ya mama na baba, ngoma ya wanawake, ile wanapiga pembe za ng'ombe kwa vijiti na kuimba na wanaume hawakaribii. Zuhura ndiye aliyekuwa akiimbisha. Mwishoni alimtungia dadake ubeti, na mama saa ile yuko chumba cha ndani anapambwa, hakuusikia.

Kila alipomuuliza, Zuhura alicheka tu: "Si uko kwenye kaseti?"

Kwenye redio ya nyumbani ulikuwa ni mkwaruzo na vigelegele tupu. Zuhura akafariki bila kuusema, na waliokuwapo kila mmoja aliukumbuka kivyake. Mama amekaa na hilo moyoni miaka yote.

Basi nikaenda kwa Mustafa, Mhindi wa Kibohora mwenye duka la vifaa vya mziki mjini. Nikamwambia nataka amplifaya, spika na deki ya kaseti.

"Kaseti? Bwana, wewe umezaliwa lini?"

Lakini biashara ni biashara. Akapekua stoo, akatoa deki ya mtumba, akaitia mkanda mpya wa ndani, ikazunguka. Kisha akanionyesha spika za kusimama, zinanifika kifuani. "Chukua hizi. Ukichukua ndogo utarudi hapa unalia."

Wajuzi wote nimewasoma, wote wamesema angalia chumba kwanza, spika baadaye. Nami nikachukua kubwa kwa sababu zilipendeza. Nitukaneni, mna haki.

Nyumbani besi iligonga ukuta wa mawe, ikarudi, ikagonga mwingine. Vikombe vya mama vikaanza kucheza kabatini. Kaseti ndiyo usiseme.

"Mbona Zuhura yuwaimba ndani ya mtungi?" mama akauliza. Akaenda zake jikoni. "Nakupa mpaka Ijumaa."

Nikarudi kwa Mustafa nalia, ila si kwa alichokitabiri yeye. Nikabadilisha, nikachukua ndogo za kuweka juu ya stendi. Nikazivuta mbali na ukuta, nikatandika zulia la pili, nikatundika blanketi nene nyuma ya kochi. Mama akauliza kama tumefiwa.

Ijumaa, baada ya alasiri. Joto la kufa mtu, madirisha yote wazi.

Hapa ndipo nilipochemsha. Nilifikiria amplifaya, spika, waya, mpaka blanketi. Sikufikiria baraza. Chini ya dirisha letu baba na wenzake hunywa kahawa kila Ijumaa, na mimi mkononi nina ngoma ya wanawake.

Nikabonyeza.

Lo! Pembe kushoto, vigelegele kulia, na katikati Zuhura, kama yuko mlangoni anavua viatu. Kila neno linasikika.

"Bwana harusi mrefu, kitanda chake kifupi, miguu ataiweka wapi?"

Bwana harusi ndiye babangu. Huko nje nikasikia mtu kahawa imempalia.

Sauti nyingine ikajibu kuhusu hiyo miguu, maneno ambayo nikiyaandika hapa mods watafunga uzi. Na ile sauti naijua! Ni Bi Rukia, jirani wa mbele, aliyenisomesha Kurani chuoni na bakora mkononi.

Dirisha lake likafunguka. "Zima! Zima we mtoto, huna haya!"

Nikanyoosha mkono. Mama akaupiga. "Thubutu uzime!"

Pembe zikapungua. Zuhura akabaki peke yake:

"Dadangu ukichoka naye, usiulize njia. Mlango wangu sifungi."

Kaseti ikakata.

Mama alilia, wakuu. Alilia kwa sauti, huku anacheka, anasema "mjinga huyu, mjinga huyu." Na mimi nikalia, na atakayenicheka aende zake. Bi Rukia bado yuko dirishani. Kisha taratibu, kutoka kule kwake, akaanza kuimba ile ya miguu.

Haukupita muda akavuka na buibui lake, na wanawake wengine nyuma. Mama akafuta macho, akaniangalia kama nimepotea njia.

"Rudisha mwanzo, kisha toka. Haya si ya wanaume."

Dirisha likafungwa.

Barazani wazee wote walikuwa wameinamia vikombe vyao. Nikakaa kando ya baba, amekunja hiyo miguu yake.

"Kila tulipogombana mamako alikwenda Buxton kwa Zuhura," akasema. "Nikimfuata, nakuta mlango u wazi. Siku zote. Mimi nilidhani ni joto."

Tangu hapo kila Ijumaa sebule ina wenyewe. Mimi mziki wangu nausikia kupitia ukuta.

Somo nililopata: angalia chumba kabla ya kumsikiliza muuzaji, na funga dirisha kabla ya kutia kaseti.

Haya, wajuzi wa waya, uwanja ni wenu, nichekeni kisha mnisaidie. Mwenye kujua namna ya kuvuta spika moja mpaka barazani bila mama kugundua anijibu upesi, wameshaanza kuimba. Si mimi ninayeuliza, ni baba.