Utumbo Mfupi na Choo Kimoja

Tumbo langu lilikuwa na sifa kijiji kizima cha Machochwe. Siwatanii. Nikikaa mbele ya ugali wa mtama, watu walikuwa wanauhurumia ugali. Kwenye tohara za watoto wa ndugu nilikuwa naachiwa bakuli la kichuri peke yangu, ule mchuzi mchungu wa tumbo la mbuzi, nalifuta kwa kidole, halafu nauliza kama mbuzi alikuwa mmoja tu. Maziwa ya mgando nilikunywa kwa kibuyu, kikombe kilikuwa cha wagonjwa.

Mwaka juzi, wakati wa palizi, utumbo ulijisokota. Nilipiga kelele hadi nyumbu wa hifadhini, nadhani, walihama kabla ya msimu wao. Mwanangu alinipakia kwenye pikipiki ya kukodi, dereva mbele, mimi katikati, yeye nyuma amenikumbatia kama gunia la mahindi, mpaka hospitali ya mjini. Huko wakanipasua. Daktari aliniambia baadaye kwamba sehemu kubwa ya utumbo ilikuwa imeshakufa, imekuwa nyeusi, wakaikata na kuunganisha kilichobaki. Nilimuuliza wamekata kiasi gani. Akatanua mikono, akaona haitoshi, akairudisha mapajani.

Niliporudi nyumbani niliwaambia watu kwamba ule uliokatwa ungetosha kufunga ng'ombe sita nira, na niliobaki nao ni kamba ya kiatu. Walicheka. Mimi pia.

Sasa, mimi ni msomi. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na ndevu zenye mvi, kwa masomo ya jioni, kwenye darasa la shule ya msingi, magoti yakigusa masikio kwa ufupi wa madawati. Mwalimu wa baiolojia, ambaye ningeweza kumzaa, aliwahi kunisimamisha ubaoni nichore njia ya chakula. Nilipomaliza akasema, "Mzee, hii ni barabara ya Mugumu kwenda Tarime, hadi makorongo umeweka." Kwa hiyo nilijua utumbo unafanya nini. Unanyonya chakula, unanyonya maji. Ambacho hakikuwa kwenye mtihani ni jinsi mambo yatakavyokuwa siku ukiwa mfupi. Chakula hupita kama mgeni asiyepewa kiti. Nikila uji wa wimbi, kabla bakuli halijaoshwa nimeshasimama. Maziwa ndiyo usiseme. Nyama ilinikimbiza mara sita kwa asubuhi moja, na hapo nimepunguza ili msiseme naongeza chumvi.

Daktari alinipa masharti: kidogo kidogo mara nyingi, wali laini, ndizi, maji yenye chumvi na sukari. "Baada ya miezi mitatu rudi, tutaona kama utumbo umejifunza," alisema. Neno hilo nililipenda. Kama mimi nilijifunza uzeeni, kwa nini utumbo wangu ushindwe?

Lakini tatizo halikuwa tumboni peke yake. Lilikuwa uani.

Nyumbani kwangu kuna choo kimoja. Nilikichimba mwenyewe zamani, kikaezekwa bati, kina mlango unaofungika. Mwanangu wa mwisho, yule ambaye kwa desturi hubaki na wazazi, alipooa, choo kile kikawa cha mke wangu, cha mwanangu na cha mkwe wangu. Mimi nikatoka. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawachangii choo. Hata kukutana njiani, mmoja akiwa anaelekea huko, ni aibu ambayo inakufanya utamani ardhi ipasuke. Kwa hiyo mimi nilikuwa naenda na jembe langu kichakani, ng'ambo ya kijito, hatua mia nne. Kabla ya kuugua sikujua kama ni mia nne. Nani anahesabu hatua mwenye tumbo zima?

Wiki ya kwanza baada ya kurudi kutoka hospitali nilifika hatua ya sitini, haja ikanishinda. Siku iliyofuata ya arobaini. Siku ya tatu nilitazama huku na huku, uani hakuna mtu, nikaingia kwenye choo cha bati. Nikatoka, nikamwagia maji, nikarudisha kopo la maji pale nilipolikuta, nikajiona mjanja kuliko sungura. Nikarudia kesho yake, na keshokutwa.

Mkwe wangu aliendelea kunisalimu shikamoo akiwa mbali, macho chini, tumbo lake likizidi kukua, maana alikuwa mjamzito. Mke wangu ndiye aliyekuja kunikalia kitandani mchana mmoja.

"Mkweo hali chakula."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anaogopa akila ataenda choo. Tangu siku ile alipokuta mkono wa kopo umegeuzwa upande mwingine, hajaingia mle. Anavuka kijito kwenda kwa jirani, na tumbo lile. Jana ameanguka kwenye matope."

Mimi niliyejiona mjanja.

"Ameumia?"

"Safari hii hapana," mke wangu akasema, akainuka.

Tukaanza kuhangaika. Mwanangu alichukua sururu na mtaimbo, akachimba shimo jipya nyuma ya zizi. Akafika kiunoni, akagonga mwamba. Akapiga mwamba siku tatu, mtaimbo ukapinda, mwamba haukukwaruzika. Akahamia chini kwenye migomba, udongo mweusi, shimo likaenda vizuri mpaka likapita urefu wake. Siku hiyo nilimwita injinia. Mvua ya wiki ile ikalijaza maji hadi mdomoni, kuta zikaporomoka, likabaki bwawa. Vyura waliimba mle kama kwaya ya Pasaka.

Tukajaribu ndoo chumbani. Mke wangu, ambaye sijui Mungu alimuumba kwa udongo gani, alikuwa anaibeba yeye. Nilidhani tumemaliza kazi. Kumbe ndoo lazima imwagwe mahali, na mahali palikuwa shimo lile lile la bati. Mkwe akaendelea kuvuka kijito.

Nikaenda kwa kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wetu. Nilimkuta sebuleni kwake na wazee wawili. Nikawaeleza yote. Nikawaomba wamfungulie yule binti njia, wachinje mbuzi, waseme maneno, lolote, ili akubali kuingia choo kile bila hofu.

Kaka yangu akacheka kwanza. Sisi tunacheka kwanza.

"Mura, kijana wetu, si wewe uliyesoma jioni? Hawakukufundisha kubana?"

"Walifundisha, lakini kwa wenye utumbo."

"Na hiyo ndoo?"

"Ndoo inamwagwa humo humo."

"Basi ukibebwa kwa ndoo ni wewe yule yule," mzee mmoja akasema. Wakacheka tena, halafu kicheko kikaisha chenyewe.

"Sikiliza, ndugu yangu," kaka akasema. "Mbuzi anaondoa kosa. Hili si kosa, ni ugonjwa. Tukichinja leo, kesho utaenda tena, tuchinje tena? Utamaliza zizi. Na binti mwenyewe, hata sisi tukimfungulia, moyo wake utakubali? Mama yake alimlea hivyo. Akijifungua vibaya, atasema ni kwa sababu ya choo, na wewe utasema hivyo hivyo, msomi au si msomi."

Nilitaka kubisha. Nikaona kweli ningesema hivyo hivyo.

"Basi nihame mimi," nikasema.

"Uende wapi na tumbo hilo? Mwenye boma hatoki bomani kwake akiwa anapumua. Daktari si alikwambia miezi mitatu? Ngojeni. Likipona, utarudi kichakani kwako kama mwanaume. Lisipopona, vijana watafute pa kukaa."

Kwa hiyo kila kitu kikaning'inia kwenye ile miezi mitatu. Nilifuata masharti kama mtu anayesomea mtihani. Wali laini, ndizi, maji ya chumvi. Nilikonda hadi suruali ikahitaji kamba mbili. Kila asubuhi nilijaribu kutembea kuelekea kijito na jembe begani, mke wangu akinitazama kutoka jikoni. Siku nzuri kuliko zote nilifika hatua mia na ishirini. Nilirudi nikiimba. Kesho yake nilifika thelathini.

Mjini, daktari alinibonyeza, akanipima uzito, akasoma karatasi zangu muda mrefu.

"Utumbo umejifunza?" nikamuuliza.

Hakucheka. "Mzee wangu, ulichonacho sasa ndicho utakachokuwa nacho. Dawa ya kupunguza nitakuandikia. Lakini usisubiri urudi kama zamani."

Nikamshukuru. Sijui kwa nini tunawashukuru. Dawa ilipunguza kidogo, kutoka mara kumi kwa siku kwenda mara saba, na mara ya saba ina haraka ile ile ya mara ya kwanza.

Mwanangu alipata kazi ya karasha, kusaga mawe ya dhahabu, upande wa Tarime. Wakapanga chumba. Aliniambia huko choo ni cha wapangaji, watu waliotoka kila mkoa, na hakuna aliye mkwe wa mwenzake. Alisema hivyo kunifariji. Shamba la mtama tukamwachia jirani alime. Mtoto alizaliwa huko huko, salama, na mimi nimemwona kwenye simu tu, anakunja uso kama mtu aliyenusa kitu. Kwenda kumwona siwezi. Nani atanisimamishia gari mara saba? Na wao wakija, wanalala kwa kaka yangu, wanakuja mchana kusalimia na kuondoka.

Lakini niseme kuhusu siku waliyohama. Nilikuwa nimejipanga. Tangu jana yake mchana sikula kitu, nilitaka tumbo linipe walau nafasi ya kuwasindikiza mpaka barabarani. Nilivaa shati la kola. Pikipiki mbili zikaja, moja ya mizigo, moja ya wao wawili. Mkwe wangu akasimama karibu na zizi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nilikuwa na maneno. Nilitaka kumwambia kwamba hajanikosea, kwamba nyumba hii ni yake, azae salama. Nikafungua mdomo, tumbo likakoroma. Tumbo tupu nalo lina maji yake. Nikageuka, nikaenda chooni nusu kukimbia, na safari hii sikujisumbua kutazama kama kuna mtu uani.

Nikiwa mle ndani nimechuchumaa, nilisikia mizigo inafungwa kamba. Nikasikia mke wangu analia kidogo, anajikaza. Halafu mwanangu akaniita.

"Tata! Sisi tunaenda!"

Sikujibu. Ningejibuje? Mkwe wangu alikuwa amesimama pale pale, angesikia sauti yangu inatoka chooni.

"Tata!"

Nikashika mlango kwa mikono miwili.

"Nendeni tu," mke wangu akawaambia. "Amesikia."

Pikipiki zikawaka. Nikazisikiliza zikipanda kilima, mwanzo mbili, baadaye kama moja, na mimi bado sijamaliza.