Mluzi wa Baba Mkubwa

Mama mkubwa wangu ana wivu, wala hafichi. Hata mimi nikimpelekea mumewe chai ananikata jicho. Lakini kwa yule nesi alipitiliza.

Baba mkubwa ni seremala. Vumbi la mbao limemla mapafu miaka nenda miaka rudi. Siku hizi akifunga kamba za viatu tu anahema. Zahanati ikawa inamtuma nesi, binti mcheshi, aje kumfundisha kupumua. Walikaa sebuleni wametazamana, wamechongoa midomo kama wapiga mluzi, wanapuliza taratibu. Kisha wanacheka. Huko jikoni, mikononi mwa mama mkubwa, sufuria zilikiona cha mtema kuni.

"Mtu mzima anafundishwa kupumua! Kwani alizaliwa hajui?"

Enzi za uchumba huyu bwana alikuwa akipita nje ya geti la kina mama mkubwa akipiga mluzi, naye anatoka mbio. Leo midomo ileile inachongolewa mbele ya mwingine. Ilimuuma, na mimi simlaumu.

Siku moja akamzuia nesi mlangoni. "Usijisumbue. Mume wangu nitamfundisha mwenyewe."

Akamkalisha mzee, akaamuru: "Vuta! Vuta tena! Jaza kifua!"

Baba mkubwa akavuta, akavuta, mpaka macho yakamtoka na midomo ikageuka rangi. Mama mkubwa akaingiwa na hofu. "Mkimbilie yule binti!" akanipigia kelele.

Nilimkuta bado yuko kwenye kona ya mtaa. Aliingia bila kinyongo, akamwinamisha mgonjwa mbele kidogo, akapuliza naye polepole hadi rangi ikarudi.

"Mama," akasema, "ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana vya hewa, vimezungukwa na vishipa vya damu. Hapo damu inatua hewa chafu na kubeba oksijeni. Vya mzee vimelegea, hewa ya zamani inanasa humo. Isipotoka, mpya itaingia wapi? Akipuliza hivi, njia za hewa hazijifungi."

Mama mkubwa hakumtazama. "Na kucheka je? Nako ni dawa?"

Baba mkubwa akainua mkono, akajibu kwa vipande. "Aliniuliza... mluzi nilijifunzia wapi. Nikamwambia... getini kwenu."

Mama mkubwa akavuta stuli, akaiweka katikati ya nesi na mumewe, akakaa na kuchongoa midomo.

"Haya, nionyeshe vizuri," akamwambia nesi bila kugeuka. "Halafu uende kwenu."