Safari ya Kutafuta Unga, kutoka Nyaramba hadi Nyamarambe

Sifa zote ni za Mungu, Muumba wa mbingu na nchi, aliyenijalia kuona uhuru, kuona miaka ya kushiba na kuona miaka ya kupungukiwa, na ambaye hadi leo ananipa pumzi ya kusimulia. Ninaandika habari za safari moja niliyoifanya katika miaka ya sabini, baada ya mafuta kupanda bei duniani na shida ile kutufikia hata sisi wa Nyaramba.

Wasomaji vijana huenda hawajui mambo yalivyokuwa. Katika miaka ya sitini, baada ya uhuru, wengi wetu tulipanda chai na pareto katika mashamba yetu madogo. Nyumba za nyasi zikaezekwa mabati, watoto wakaenda shule, tukamshukuru Mungu. Kisha mambo yakageuka. Mafuta ya taa yalipanda, nauli ikapanda, mbolea ikapanda, lakini malipo ya pareto hayakupanda, tena yalichelewa. Mvua nazo zilikuwa haba sehemu nyingi za nchi.

Serikali haikukaa kimya. Redio ilitangaza kwamba bei ya unga, sukari na mafuta ya kupikia imepangwa, na mwenye duka atakayeizidisha atashtakiwa. Ilitangaza pia kwamba mahindi hayaruhusiwi kusafirishwa ovyo bila kibali. Nia ilikuwa njema, kwa maana ilitaka maskini naye anunue. Lakini wenye maduka waliona hakuna faida kwa bei ile, na unga ukatoweka kwenye rafu. Ukiuliza, muuzaji alitazama juu kwenye mabati na kusema, "Umeisha jana." Kila siku ulikuwa umeisha jana.

Sababu ya safari yangu ilikuwa dada yangu Bosibori, mjane, aliyeolewa ng'ambo ya mto karibu na kwetu. Mahindi yake yalikuwa yamefika magotini na magugu yamefika kiunoni. Kwetu wanawake hupalilia kwa zamu katika kikundi tunachokiita egesangio: leo shambani kwa huyu, kesho kwa yule. Mwenye shamba huwapikia wenzake ugali saa sita, na wakishakula hurudi kumaliza kazi. Ndizi tunazo tele, lakini mtu wa kwetu akila ndizi tangu asubuhi hadi jioni bado atakwambia hajala. Zamu ya Bosibori ilikuwa Jumanne iliyofuata, naye hakuwa na hata kibaba cha unga. Kama wenzake wangeondoka saa sita na njaa, nusu ya shamba ingebaki kwa magugu, na shamba lile ndilo lililolisha wanawe.

"Wapikie ndizi," nilimwambia.

"Kwamboka akiona ndizi, atapangusa jembe lake na kwenda nyumbani," alijibu. Kwamboka ndiye aliyeongoza egesangio, mwanamke mwenye nguvu na ulimi mkali. "Na wengine watamfuata."

Alhamisi asubuhi niliomba, nikachukua gunia tupu, nikapanda basi. Nyamira niliuliza madukani, nikapata jibu lile lile la jana. Alasiri nilifika Kisii, nikaenda soko la Daraja Mbili. Mikungu ya ndizi ilikuwa imelazwa chini kama kuni, kabichi zimerundikwa, mitumba imetundikwa kwenye kamba. Mahindi hayakuonekana, ila mama mmoja aliyaficha chini ya leso na kuyapima kwa mkebe wa gorogoro. Alinitajia bei nikashtuka.

"Mama, redio haikusema hivyo," nikamwambia.

"Basi, Mzee, nenda ukanunue kwa redio," akajibu, na jirani zake wakacheka hadi wakashika mbavu.

Ijumaa alfajiri nilisimama kwenye foleni mbele ya ghala lililokuwa likiuza mahindi kwa bei ya serikali. Mbele yangu alikuwapo Mama Zuhura, mwanamke Mwislamu wa mjini, mwuza mahamri. Saa sita wanaume Waislamu walikwenda msikitini kwa swala ya Ijumaa, na sisi tukawashikia nafasi zao. Waliporudi, lori la mahindi lilikuwa bado kufika. Lilifika jua likielekea vilimani, na karani akatangaza kwamba atauza hadi giza liingie, kisha ataendelea kesho.

Hapo ndipo foleni ilipoanza kupungua. Mzee mmoja alitoka, kisha mama na bintiye, kisha watu kumi kwa mkupuo. Tulikuwa Wasabato wengi, na Sabato ilikuwa inaingia pamoja na machweo. Karani alitoka mlangoni ameduwaa.

"Hawa wanakwenda wapi? Wamesikia kuna unga kwingine?"

"Wanakwenda kwa Mungu wao," Mama Zuhura akamjibu. "Wewe pima mahindi." Kisha akanigeukia. "Mzee, niachie fedha. Kesho nitakununulia."

"Asante, mama. Lakini kazi nisiyoifanya mimi siku ya Sabato, siwezi kukutuma wewe uifanye."

"Basi nitanunua kwa fedha zangu, unilipe Jumapili."

"Hiyo ni ile ile, mama. Imevaa kanzu tu."

Alicheka sana, akanitakia Sabato njema. Niliondoka na gunia langu tupu, nikalala kwa familia ya waumini wenzetu waliokaa kando ya mji.

Siku ya Sabato tuliabudu. Mchungaji aliwaombea viongozi wa nchi wapewe hekima, nasi tukaitika amina kwa moyo, kwa sababu hapana aliyetamani kuwa mahali pao wakati ule.

Jua lilipokwisha kuzama nilirudi ghalani. Mlango ulikuwa umefungwa, na mlinzi alikuwa akifagia vumbi la mahindi sakafuni. Mama Zuhura nilimkuta kwake mtaa wa nyuma, akikanda unga wa ngano.

"Yameisha mchana, Mzee. Hata mimi nimepata kidogo tu." Alifikiri kidogo. "Kwa nini usiende Nyamarambe? Kule wanakula muhogo na mtama. Huo hakuna aliyeupangia bei, kwa hiyo hakuna aliyeuficha."

Sisi watu wa juu kwenye baridi tumekuwa tukiwacheka watu wa chini kwa chakula chao. Hata hivyo nilikuwa na mtoto wa mjomba wangu huko, jina lake Ombati, na Jumanne ilikuwa inakaribia.

Jumapili nilipata lori lililokuwa likielekea kusini. Barabara iliteremka, joto likaongezeka, chai ikapungua na miwa ikazidi. Tulivuka mto Gucha, maji yakiwa mekundu kwa udongo. Ombati alinipokea kwa furaha, na niliposema nilichokitaka akamwita mke wake.

"Nyaboke, njoo usikie! Watu wa Nyaramba wamekuja kutafuta muhogo!"

"Mpe kiti kwanza, asije akabadili nia," Nyaboke alisema kutoka jikoni.

Alinipikia ugali wa muhogo mkavu uliosagwa pamoja na mtama. Ulikuwa mweusi, nao unang'aa. Nilikula, nikashiba. Nyaboke alinieleza kwamba maji yachemke sana, na mpishi asipumzike kusonga hadi uive. Asubuhi Ombati alijaza gunia langu. Fedha alikataa, akaomba tu nimletee siku moja machipukizi ya ndizi za kwetu.

Jumatatu, tulipokaribia Kisii, askari walisimamisha lori kwenye kizuizi. Mmoja aliligonga gunia langu kwa rungu.

"Haya ni mahindi, Mzee. Kibali kiko wapi?"

"Ni unga wa muhogo na mtama."

Alifungua, akachovya kidole, akaonja. "Muhogo? Mzee, wewe ni Mkisii kweli?" Aliwaita wenzake waje wanione. Walinicheka kwa zamu, kisha wakaniruhusu nipite. Mkulima mmoja aliyekuwa nyuma yangu aliachishwa magunia yake ya mahindi ya shamba lake mwenyewe. Sura yake naikumbuka hadi leo.

Jumanne wanawake walifika kwa Bosibori na majembe. Walipalilia hadi saa sita, wakafika nusu ya shamba. Bosibori alisonga ugali kama nilivyofundishwa, jasho likimtoka, akauleta na mboga za chinsaga. Wote waliutazama.

"Bosibori," Kwamboka alisema, "huu ni ugali, au ni udongo wa kukandika nyumba?"

Wanawake waliangua kicheko. Bosibori aliinamisha kichwa.

"Ni muhogo na mtama," nilisema nikiwa mlangoni. "Mimi nimeula Nyamarambe, na bado mnaniona."

Kwamboka alimega tonge dogo, akalichovya kwenye mboga, akatafuna polepole. Hakuna mwingine aliyenyoosha mkono.

"Unavutika kama mpira," akasema. Akamega jingine, kubwa zaidi. "Lakini tumbo limejua kuna kitu kimeingia. Mnangoja niwalishe? Kuleni, tumalize shamba la watu."

Walikula wakamaliza, wakarudi shambani. Jioni hapakuwa na gugu lililosimama.

Wenzake walipoondoka, Kwamboka alibaki nyuma akijifanya anapangusa jembe. Alikuja nilipokaa, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, hiyo Nyamarambe mtu anafikaje? Zamu yangu ni wiki ijayo, na kwangu unga uliisha tangu mwezi uliopita."

Baadaye mvua zilirudi, serikali ikalegeza baadhi ya amri zake, na taratibu unga ukaonekana tena madukani. Siwalaumu waliotoa amri zile. Walipambana na shida iliyotoka mbali kuliko uwezo wao. Niliyojifunza ni haya: katika kijiji kizima kila nyumba iliificha njaa yake ikidhani ni yake peke yake, na aliyetucheka kwa sauti kubwa ndiye aliyekuwa amepika ndizi tu kwa muda mrefu zaidi. Tangu siku hiyo, nikimwona mtu mkali, kwanza humwuliza kama amekula.

Mungu wa rehema akubariki wewe unayesoma. Akujalie mvua kwa wakati wake, chakula mezani pako, na jirani unayeweza kumwambia kweli siku kitakapopungua. Amina.