Piano Ambayo Mchwa Hawakuila

Niliisikia kabla sijaiona. Tulikuwa tumetoka Chakol asubuhi, mimi na baba, yeye amebeba msumeno na randa begani, tukipita kando ya foleni ya malori ya Malaba ambayo siku hiyo, kama siku zote, haikuwa na kichwa wala mkia. Injini zilinguruma, honi zikajibizana, na harufu ya dizeli na mahindi ya kuchoma ikatanda juu ya barabara. Katikati ya makelele hayo ukapenya mlio mwembamba, tone baada ya tone, kama maji yanayodondoka ndani ya sufuria tupu nyumba inapovuja. Niliinua uso nitafute mvua. Anga lilikuwa kavu. Baba akacheka, akanielekeza kwa kidevu kwenye kanisa la mabati lililokuwa nyuma ya maegesho. “Si mvua hiyo,” akasema. “Ni Amoit. Amerudi kumuuguza mamake.”

Baba alikuwa seremala, na ndiye aliyetunza jengo la kanisa. Piano yenyewe ilikuwa mgeni aliyekosa mwenyeji. Ilifika mpakani ndani ya sanduku la mbao, ikielekea Uganda, mwenyewe asitokee kuichukua, na hatimaye ikapigwa mnada pamoja na matairi na mitumba iliyoloa. Wazee wa kanisa waliinunua wakidhani ni kinanda kama kile cha misheni, cha kupuliza kwa miguu. Walipogundua sivyo, wakaifunika kwa shuka. Ilikaa hivyo mpaka Amoit aliporudi. Alikuwa mzaliwa wa kwetu Chakol, akasomea muziki Nairobi, kisha Ulaya, na tulisikia kwamba huko watu walivaa suti kumsikiliza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mamake hakupona. Tulimzika masika yalipoanza, kaburi likijaa maji kabla halijafukiwa, na kesho yake Amoit akawa kanisani, amevua viatu, anapiga.

Masika yale yote niliyapitisha kwenye benchi la mbele. Baba akitengeneza madirisha, mimi nilisikiliza. Muziki ule ulikuwa wa Wazungu wa zamani sana, hauna maneno, na mwanzoni niliungoja uanze kuimba. Kisha nikaacha kungoja. Kulikuwa na kipande kimoja alichokirudia kila siku, cha polepole, mkono wa kushoto ukitembea kama mtu anayerudi nyumbani bila haraka kwa sababu hakuna anayemngoja. Kilinitia huzuni ambayo sikuwa na sababu nayo katika umri ule. Madereva na utingo waliochoka kungoja foleni waliingia kujikinga na mvua, wakasimama nyuma na kofia zao mkononi. Siku moja utingo mmoja, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, akashindwa kuvumilia.

“Madam, hiyo kitu haina rumba?”

“Iko nayo, boss,” Amoit akajibu bila kugeuka. “Imelala tu. Ngoja niiamshe.”

Akaiamsha. Mkono wa kushoto ukaruka, wa kulia ukacheka, na wale wanaume wakacheza katikati ya mabenchi mpaka honi zikawaita. Walipotoka akakirudia kipande chake cha polepole, kama mtu aliyeomba ruhusa kidogo msibani.

Lakini kamati ya kanisa ilikuwa imeanza kunung’unika. Walitaka kinanda cha umeme chenye spika, kama cha makanisa ya Busia mjini, na ile piano iliwaziba nafasi. Amoit alimwambia baba mambo yalivyo, nami nikasikia. “Mzee, wakiniachia hii piano, nabaki. Nitafundisha watoto hapa hapa. Wakiitoa, sina kitu cha kunishika tena. Mama ameshaenda.” Aliponitaja mimi kuwa mwanafunzi wake wa kwanza, moyo wangu ulipiga kama ngoma. Kamati ikakubali kumsikiliza Jumapili, baada ya ibada, ndipo iamue.

Jumamosi alikuja kujiandaa. Baba aliazima redio kaseti ya jirani ili amrekodi, apate kusikia makosa yake nyumbani. Mimi sikuwepo, nilikuwa shambani nikipalilia na mama. Najua tu kilichofuata. Baba alipoinama kufagia aliona mchwa wamejenga njia ya udongo kwenye mguu wa piano. Kwetu dawa ya mchwa inajulikana na kila mtu: oili chafu ya malori. Nguzo zote za boma letu zilikuwa nyeusi kwa oili hiyo, na hakuna hata moja iliyowahi kuliwa. Amoit alipoondoka, baba akaomba debe kwa madereva, akachukua brashi. Akapaka miguu. Akapaka mgongo. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kufanya kazi nusu, akaufungua mfuniko, akaona ndani vijiti vingi vya mbao vyenye vichwa vya pamba ngumu, vile vinavyogonga nyuzi, akaona huruma. Akavipaka vyote, kimoja kimoja, hadi vikalowa.

Jumapili kanisa zima lilinuka kama gereji. Amoit akafunua piano, akabonyeza ufunguo mmoja, akautazama ule weusi kwenye kidole. “Nani amefanya hii?” aliuliza kwa sauti ya chini. Baba akainuka kwenye benchi, shati lake jeupe limepigwa pasi, uso umejaa fahari. “Ni mimi, mwanangu. Sasa mchwa hawataigusa kamwe.”

Amoit akakipangusa kidole. “Asante, mzee,” akasema, akaketi.

Alipiga kipande chake chote. Sauti ilitoka kama ya mtu anayezungumza chini ya blanketi. Funguo nyingine zilishuka zisipande tena, naye akaziinua kwa kucha na kuendelea. Mjumbe mmoja wa kamati akamnong’oneza mwenzake, lakini kwa mnong’ono wa kusikika: “Kumbe hii kitu iko na mafua.” Watu wakacheka. Nilimtazama baba. Hakucheka. Nilimwona akielewa, polepole, kuanzia machoni hadi mabegani, na tangu siku hiyo mabega yale hayakupanda tena.

Hakuna fundi mpakani aliyejua kuiponya. Amoit aliondoka wiki ile ile. Alipitia kwetu kuaga, akampa baba mkono, akanipa mimi kaseti. “Shika. Hapa ilikuwa bado nzima.”

Leo foleni ya Malaba ipo palepale, ila malori ni makubwa zaidi na kanisa limejengwa kwa mawe. Kinanda cha umeme kinatikisa vioo vya madirisha. Piano imesukumwa nyuma, imepangiwa viti vya plastiki juu. Nimeikagua: haina tundu hata moja. Hisani haiozi, wahenga walisema, na hii haikuoza kweli. Nimekisikia kile kipande katika kumbi za Nairobi, kikipigwa na watu wenye vidole safi, na katika simu yangu, kikipigwa na mabingwa wa dunia. Wote ni hodari kumpita Amoit. Hakuna hata mmoja anayerudi nyumbani. Amoit mwenyewe sijamwona tena, wala kumsikia mahali popote pengine.

Kwa miaka mingi, kila Jumapili jioni, baba aliniomba nimwekee kaseti. Muziki ukikaribia mwisho alinyoosha mkono, akaizima mwenyewe. Tulidhani anatunza betri. Mwaka jana, baada ya kumzika, niliiacha iendelee. Piano inanyamaza. Honi inalia mbali. Kisha sauti ya baba, changa, yenye furaha: “Wewe nenda tu, mwanangu. Mimi nabaki kidogo, niitunze.” Amoit anacheka, anamshukuru. Viatu vyake vinatembea juu ya saruji, na mlango unafungwa.