Ungo wa Kwenye Kitabu

Jumuiya ya Mtakatifu Ana iliruka nyumba ya Coletha. Hilo ndilo kosa lililotendeka, na lisemwe kwanza kabla maneno hayajawa mengi. Kila Jumamosi jumuiya husali kwenye nyumba moja, wiki inayofuata nyumba ya jirani, hivyo hivyo mpaka mzunguko uishe. Hairukwi nyumba hata ya mlevi. Hairukwi hata ya yule bwana mwenye wake watatu, ambaye husali akiwa amesimama mlangoni ili asionekane sana. Ya Coletha ilirukwa. Na katika nchi hii, mwanamke aliyekwisha pita umri wa kuzaa, asiye na mume, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko, akirukwa na watu wanaosali, hahitaji kuambiwa anaitwa nani. Wameshamwita. Huku vijijini nje ya Nyarugusu wapo walioitwa hivyo asubuhi, na jioni hawakuwepo.

Naye alikuwa amejiandaa, kiumbe wa Mungu. Alikuwa amefagia uwanja mpaka kuku wakaona haya kuukanyaga. Alikuwa amepika sufuria la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, na mjukuu wake Vaileth ametandika mikeka yote, pamoja na ule uliotobolewa na panya, tundu likafunikwa kwa kigoda. Wakakaa wakingoja. Kisha wimbo wa mwanzo ukasikika, lakini ulitokea nyuma ya ua wa minyaa, kwa Mama Festo.

"Bibi, wanaimba kwa jirani," alisema Vaileth.

"Wamepotea njia."

"Wote?"

Coletha akakaza kanga yake. "Mke mwenzangu," alisema, maana ndivyo alivyomtania mjukuu wake tangu akiwa mchanga, "shika mkono mmoja wa sufuria."

Wakaenda na sufuria lao. Mlangoni Coletha akasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Nusu ya watu wakaitikia, nusu wakaanza kuichunguza mikeka ya Mama Festo kama wanaotaka kuinunua.

"Leo zamu ni yangu," alisema Coletha.

Aliyesimama kumjibu ni Pantaleo, mwenyekiti wa jumuiya. Pantaleo ana duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, ng'ambo ya kijito, na Jumapili ndiye msomaji wa somo la kwanza. Ana sauti ambayo hata ikitangaza chanjo ya mbuzi watu hujibu amina.

"Mama Mariana, karibu ukae," alisema. "Au usikae kwanza. Kwenye nyumba yako kuna kitabu."

"Kipo. Na Biblia ipo, na kalenda ya duka la mbegu."

"Kitabu cha uchawi."

Sasa kitabu chenyewe ni hiki. Mariana, binti yake Coletha, anafua mashuka ya nyumba ya wageni Kahama, na alimletea mwanawe Vaileth kitabu cha hadithi chenye picha juu. Ni habari za msichana aitwaye Kabula. Mlima umemeza ng'ombe wa kijiji kizima, naye anapanda ungo wa bibi yake, anaruka nao, anakwenda kuudai mlima. Coletha hakusoma; hajui hata herufi moja. Vaileth ndiye aliyemsomea kila jioni huku bibi akichambua mboga, na Coletha alikuwa hamwachi asome hadi amalize. Aligombana na kitabu. "Mwambie asipite huko," alikuwa akisema. "Mtoto gani huyu anayeondoka bila kula?" Walikuwa wamefika pale Kabula anaposimama mbele ya mlima na kusema maneno yake. Vaileth akayapenda maneno, akayapeleka uani kwa wenzake.

"Mke wangu Zipora amemwona kwa macho yake," alisema Pantaleo. "Mjukuu wako amekaa ndani ya ungo, mchana kweupe, anauamuru mlima ufumbue kinywa."

Coletha akamgeukia Zipora. "Alipaa?"

"Hakupaa," alisema Zipora. "Lakini alikuwa anajaribu."

Mtu mmoja akacheka, akaufunika mdomo kwa kanga, na kanga nzima ikaanza kutikisika.

Mama Festo, mwenye nyumba, ni mpole. Alisema taratibu, "Mama Mariana, mimi sikuiti mchawi. Ninachosema ni kwamba mtoto akizoea kuucheka ungo kitabuni, siku akikutana na ungo wa wachawi wenyewe hatakimbia. Sisi tulifundwa kuogopa kwanza."

Neno hilo lilikuwa na akili ndani yake, na ndiyo maana lilimuuma Coletha kuliko mengine yote.

"Punda wa Balaamu alisema kama mtu," alijibu, "na mwenyekiti ndiye aliyetusomea. Watoto wakaenda nyumbani wakawasemesha punda. Mbona hatukuchoma punda?"

"Wa kwetu akisema," alidakia Vaileth, "ataanza na matusi ya bibi, ndiyo anayoyasikia kila siku."

Kanga iliyokuwa ikitikisika ikaangua kicheko cha wazi. Pantaleo akanyoosha mkono kuwatuliza. Kitabu kiletwe, alisema. Atampelekea Padre, Padre akikague, na mpaka hapo hakuna mguu wa jumuiya utakaokanyaga uwanja ule. Vaileth akatumwa, akarudi nacho akilia. Pantaleo alikipokea kwa pindo la kanga ya mkewe, kama anayemtoa panya aliyekufa ghalani. Michembe hawakuigusa, isipokuwa mzee mmoja kiziwi ambaye hakujua kesi ni ya nini. Alikula hadi akafungua mkanda.

Coletha alingoja Padre akikague. Wiki ikapita. Kisimani wanawake walimpisha achote wa kwanza, na si kwa heshima. Mama mmoja alimvuta mwanawe upande wa pili wa njia. Wiki ya pili Coletha akavaa viatu vya Jumapili, akaenda parokiani.

Padre Damian alikuwa amepiga magoti, anatia grisi mnyororo wa pikipiki.

"Shikamoo Padre."

Padre, ambaye angeweza kuzaliwa na Coletha, akacheka. "Mama, shikamoo ni yangu kwako. Karibu."

"Nimekuja kusikia hukumu ya kitabu changu."

"Kitabu gani?"

Coletha akamweleza yote, ungo, mlima, ng'ombe waliomezwa, na kadiri alivyoeleza Padre akasahau mnyororo, grisi ikawa inamdondokea kanzu.

"Halafu?" aliuliza Padre. "Mlima ukafumbua?"

"Hatujafika huko. Kitabu anacho Pantaleo. Alisema amekuletea."

"Hajaniletea. Na wewe sasa umeniacha porini na ng'ombe tumboni mwa mlima." Akafuta mikono. "Sikia, mama. Hadithi si dhambi. Dhambi ni hirizi. Mtu akivaa hirizi kiunoni halafu akawanyang'anya watoto hadithi, huyo ndiye niletewe mimi. Nenda ukachukue kitabu chako, na upite nacho hapa na mimi nijue mwisho."

Coletha alishuka kilima kwa mwendo wa kuku aliyeona mtama. Alifika kwa Pantaleo akamkuta Zipora uani anapepeta mpunga kwa ungo. Coletha akautazama ungo. Zipora naye akautazama ungo, akaushusha chini polepole, akaukalia.

"Wangaluka, mayu," Zipora alimsalimia kwa Kisukuma, sauti imepungua.

"Wangaluka. Mumeo yuko wapi na kitabu changu?"

"Ameenda nacho duarani."

"Kufanya nini?"

"Mayu, usinihukumu." Zipora akasogea karibu. "Tangu Pasaka duara linatoa kifusi tu. Mganga wa kwanza alitaka kuku mweusi. Wa pili akasema kosa ni kuku mweusi, alitakiwa mweupe. Sasa kuku wameisha na dhahabu haijatoka. Halafu mume wangu akasoma kitabu chako, akafika pale mlima unapoamriwa. Akaniambia, 'Zipora, maneno ya mganga yako kichwani, yanaweza kuchanganyika. Haya yamepigwa chapa. Yamekaguliwa.'"

Coletha alimwangalia. Kati ya wote waliokiogopa kitabu, hakuna aliyekiamini kuliko Pantaleo.

Ng'ambo ya kijito mwanamke hakaribii mdomo wa duara. Ndiyo desturi ya wachimbaji; wanasema dhahabu ikisikia harufu ya mwanamke inahamia kwenye duara la jirani. Mama lishe huacha chakula kwenye karasha, pale mawe yanaposagwa, na hapiti hapo. Coletha akapita karasha. Kijana wa karasha akamwita, "Mama, huko hapana." Coletha akamwambia, "Hata kwangu mlisema hapana," akaendelea.

Jua lilikuwa utosini. Wachimbaji walikuwa wamelizunguka duara, wamevua kofia. Pantaleo alisimama kwenye ukingo, amevaa shati lake la kusomea kanisani, kitabu amekishika kwa mikono miwili. Coletha akajibanza nyuma ya rundo la matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za shimo, akasikiliza.

"Mlima, mlima," alisoma Pantaleo kwa sauti ile ile, "fumbua kinywa chako. Kilichoingia na kitoke."

Akainua macho, kama afanyavyo kanisani. Kisha mazoea ya miaka yakamponyoka.

"Neno la Bwana."

"Tumshukuru Mungu," wakaitikia wachimbaji wote, na watano au sita wakakaa chini, maana baada ya somo watu hukaa.

Coletha akauma ncha ya kanga ili asicheke. Halafu, ndani kabisa ya duara, kitu kikagonga. Kikagonga tena, juu zaidi. Matimba yakaanza kulia, krii, krii, kama yanavyolia mtu akipanda. Lakini hapakuwa na mtu ndani. Pantaleo alikuwa ameamuru watoke wote kabla ya kusoma. Kikatokea kichwa cheupe. Cheupe pe, nywele, kope na masikio, na katikati yake macho mawili mekundu.

"Nani ananiita?" kikauliza.

Waliokuwa wamekaa ndio waliotangulia kukimbia. Ndala zilibaki pale kama ibada ilikuwa msikitini. Mmoja alipanda mti wenye miiba, na alikuja kuujua ni wa miiba wakati wa kushuka. Pantaleo alikirusha kitabu, akakatiza shamba la mihogo akiita litania ya watakatifu kwa mpangilio wake: "Mtakatifu Mikaeli, utuombee! Mtakatifu Yosefu, utuombee!" Aliita mwenyewe na kuitikia mwenyewe, bila kuruka mtakatifu, na mihogo ikalala kulia na kushoto.

Cheupe kile kilikuwa Makoye, mchimbaji wao wenyewe. Alikuwa amezidiwa na pombe ya jana, akaingia alfajiri kulala kwenye kishimo cha pembeni, tundu dogo lenye ubaridi, na vumbi la mwamba likampaka asubuhi nzima.

"Shikamoo mama," alisema, akikaa ukingoni.

"Marahaba, mwanangu. Umeamka salama?"

"Salama. Mbona watu wanakimbia? Dhahabu imeonekana?"

"Hapana," alisema Coletha. "Umeonekana wewe."

Ndipo Coletha akakaa palepale kwenye mdomo wa duara, mahali ambapo hajakaa mwanamke, akacheka hadi akaomba maji, na Makoye, ambaye hakujua lolote, akacheka naye kwa adabu. Kisha Coletha akaokota kitabu, akakipangusa kwa kanga, akaenda nacho nyumbani. Jioni Vaileth akasoma. Mlima ulifumbua. Padre alipokuja kukiazima, Vaileth alimwapisha kwanza kwamba hatakunja kurasa.

Kijiji kilicheka, na bado kinacheka. Wachimbaji wakisalimiana siku hizi mmoja husema "kilichoingia," mwenzake hujibu "na kitoke." Wanawake wa jumuiya wakimwona Pantaleo amesimama kusoma Jumapili, huinama kutafuta kitu ndani ya mikoba. Zipora alikuja na kapu la mchele, akapiga magoti, akasema, "Mama Mariana, nilikosa, niliona mtoto anacheza nikaenda kusema anaroga." Coletha akamwinua. Mama Festo naye alikuja. Padre alitangaza altareni kwamba hadithi ni hadithi, na akatazama benchi la mbele muda mrefu.

Lakini jumuiya haikurudi nyuma. Imekwenda nyumba iliyofuata, na inayofuata hiyo. Pantaleo anasema kitabu alikuwa anakipima roho tu, aone ni njema au mbaya, na zamu iliyopita imepita. Mzunguko utamfikia tena Coletha baada ya mavuno. Na kisimani, pamoja na vicheko vyote, yule mama bado anamvuta mwanawe upande wa pili wa njia. Kicheko cha kijiji kimemwangukia Pantaleo, lakini jina walilompa Coletha hakijaliondoa. Jina la namna ile halifi kwa kuchekwa. Hulifuta aliyelitia, kwa mdomo wake.

Kwa hiyo haya ndiyo yaliyobaki. Zipora amelipa lake, na Padre amesema lake. Pantaleo, mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Ana, anadaiwa kusimama mbele ya watu walewale, ndani ya nyumba ya Coletha, na kusema kwamba mwanamke huyu si mchawi na hakuwa mchawi, na kwamba yeye alilijua hilo wakati anairuka nyumba yake. Hajasema.